Siku Nne za Mume Mwenza

Babu yangu alihamia nyumbani kwa mume wa dada yangu siku ya Jumatatu asubuhi, akiwa na mkeka, kopo la ugoro na nia mbaya. Mimi ndiye niliyembebea mkeka. Tulishuka tuktuk mtaa wa Barani, mbele ya nyumba ya vyumba viwili iliyopakwa rangi ya samawati hadi usawa wa kiuno, na kabla sijamalizana na dereva babu alikuwa ameshaingia ndani bila kupiga hodi. Sijawahi kumwona akifanya hivyo hata kwenye banda lake mwenyewe la kuku.

Shemeji alikuwa akinywa chai akingoja saa ya kwenda kazini. Alisimama upesi.

"Shikamoo, babu."

"Sikuja kuamkiwa. Nimekuja kumchukua mke wangu. Nilikuazima, na jembe la kuazima halirudishwi limepinda."

Shemeji akacheka. Hakuwa na budi kucheka, na hapo ndipo mtego ulipokuwa.

Kwetu Vitengeni, kama ilivyo kwa wengi wa pwani hii, babu na mjukuu wake wa kike ni mume na mke, na bibi na wa kiume vivyo hivyo, kwa utani. Tangu dada yangu hajaota meno, babu alikuwa akimwita muche wangu, mke wangu, na kulalamika mbele za watu kwamba hajapikiwa. Dada alipojua kusema, akamjibu kwamba yeye hampikii mwanamume kibogoyo. Kwa hiyo yeyote anayemwoa anakuwa mume mwenza wa babu. Siku ya harusi babu alikaa mlangoni na fimbo, akamzuia bibi harusi asitoke mpaka apewe shuka mpya na tumbaku, na hata alipopewa alitangaza kwamba talaka hatoi, anaazima tu. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Shemeji, mtu wa Rabai aliyeujua mchezo huo tangu utotoni, alicheka kuliko wote. Na sheria ya utani ni moja tu: mtani hakasirikiwi. Ukikasirika umeshindwa, na habari zako zitafika sokoni kabla yako.

Wiki moja kabla ya Jumatatu hiyo, dada alikuja Vitengeni na vidole viwili vya mkono wa kulia vimefungwa pamoja kwa kitambaa. Dada ni fundi cherehani. Bila vidole hivyo hashiki mkasi. Alisema ameanguka kutoka kwenye stuli akitundika pazia. Bibi alivitazama vile vidole. Babu aliuliza pazia lilikuwa la rangi gani.

"La kijani," dada akasema.

Baada ya chakula babu akauliza tena, kama mzee aliyesahau.

"La maua, babu."

Babu akanusa ugoro wake, akapiga chafya, hakuuliza tena.

Mimi sikuuliza kitu, kwa sababu nilikuwa najua. Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa na shemeji kule Barani, kwenye kibanda cha kuonyesha mpira. Wakati wa mapumziko rafiki yake mmoja alimuuliza kwa nini amechelewa. Shemeji akasema alikuwa akiweka nyumba sawa, kuna mtu alitaka kumjibu. Huku akisema hivyo alizungusha mkono hewani kama mtu anayefungua chupa ya soda. Wanaume watano wakacheka. Wa sita nilikuwa mimi.

Nina shahada. Mwaka wa tatu chuoni niliandika insha ndefu kuhusu uanaume na ukatili wa nyumbani, nikapata alama nzuri, na mhadhiri akaandika pembeni kwamba nina jicho kali. Jicho hilo kali lilikuwepo kibandani siku ile. Lilikuwa likitazama mpira.

Nilipomweleza babu, na nilimweleza kwa sababu tu alinibana nyuma ya ghala la mahindi, hakunitukana. Aliniuliza swali moja.

"Ulicheka meno yakaonekana?"

"Yalionekana."

"Basi utabeba mkeka."

Nilimpinga, maana mimi hupinga kila kitu, hata hali ya hewa. Nilimwambia kuna sheria. Kuna chifu, kuna dawati la polisi la mambo kama haya, kuna mahakama. Halafu nikamwambia lile lililokuwa likiniwasha kweli: hata huu utani wake una kasoro. Dada si jembe. Kama mzaha wa kumwokoa mwanamke unaanza kwa kumfanya mali ya mwanamume mwingine, tumemwokoa kutoka wapi tukampeleka wapi?

Babu alinisikiliza mpaka mwisho, jambo la kutisha kwa mtu kama yeye.

"Wewe peleka sheria yako," akasema, "mimi napeleka makalio yangu. Tuone kipi kitakaa zaidi."

Wala hatukumuuliza dada. Wanaume wawili, mmoja mzee na mmoja msomi, tukasafiri tangu alfajiri kwenda kumsaidia mtu bila kumuuliza anataka kusaidiwa vipi. Dada alipotoka chumbani na kutukuta sebuleni, alifumba macho kidogo, akayafumbua.

"Karibu, mume wangu," akamwambia babu. "Umechelewa."

Babu akatandika mkeka wake mbele ya mlango wa chumba cha kulala, kabisa kwenye kizingiti, ili asiwepo wa kuingia bila kumruka. Dada ndani, yeye mlangoni, shemeji kwenye kochi, mimi chini karibu na meza. Ndivyo alivyotupanga kwa siku nne; shemeji akaomba ruhusa kazini, na akawa anacheka.

Shemeji ni mpishi. Anapika katika hoteli moja ya ufukweni ambako Wataliano huja kula, na wanasema ana mkono. Lakini nyumbani kwake hajawahi kuwasha jiko. Alishasema jiko ni la kazini. Jioni ya Jumatatu babu akatangaza kwamba mke wake ana vidole vibovu, hapiki, na bahati nzuri mume mdogo amesomea upishi. Shemeji akacheka, akavaa kanga ya dada kiunoni kama aproni, akatupikia tambi kama za wageni wake, zenye nyanya na majani majani juu.

Babu akaonja. Akatazama sahani, akatutazama sisi.

"Sukari iko wapi?"

"Babu, hizi haziwekwi sukari."

"Tambi hazina sukari? Wala nazi? Wala iliki?" Akanigeukia. "We, huyu anafanya kazi hotelini au hospitalini?"

Ikabidi shemeji azirudishe jikoni na kuzipika upya, za sukari na nazi. Dada alikula kwa mkono wa kushoto, polepole, akitazama sahani tu. Sijui kama alikuwa anacheka. Mabega yalimtikisika mara moja.

Jumanne asubuhi babu alikaa kwenye baraza la nje akisalimia kila anayepita. Kwa wasiomjua alijitambulisha: yeye ndiye mume mkubwa, yule wa ndani ni mume mdogo, anaosha vyombo. Mama mmoja anayeuza mahamri na mbaazi mkabala na nyumba alikuwa wa kwanza kuelewa mchezo. Akaweka kawa juu ya sufuria, akaja na mikono kiunoni.

"Mzee, na mke wako umemkuta mzima?"

"Nimemkuta amepungua," babu akasema kwa sauti ya kuadhini. "Nilimwazima mwenzangu vidole kumi. Nahesabu, naona vinane."

Shemeji alikuwa anatoka na sinia ya chai. Mtaa wote ulimtazama. Alicheka, lakini kicheko kilitoka kama kikohozi.

"Babu na maneno yake," akasema.

"Watu wa Rabai," babu akamwambia mama wa mbaazi, "waliletewa kitabu na wamisionari kabla yetu sote. Nashangaa ukurasa wa kutunza mke waliurukaje."

Mchana wakaja marafiki wa shemeji, wale watano wa kibandani, wamesikia kuna vituko. Babu akawakaribisha vizuri. Kisha akawaomba, mmoja mmoja, wamwonyeshe meno.

"Meno ya nini, mzee?"

"Nimesikia ni mazuri. Yanaonekana yakichekea vidole vya mke wangu."

Walitazamana. Wawili waliondoka bila kuonja chai. Mmoja alijaribu kucheka, akaona hapo hapafai kuonyesha meno, akafunga mdomo kwa mkono. Mwingine, fundi wa pikipiki, akamuuliza shemeji kwa sauti ya chini, "Kwani vilivunjika kweli?" Shemeji akainama kuokota vikombe. Babu alinitazama mimi wakati huo wote, na nilijua kwa nini. Nami nilikuwa nimefunga mdomo.

Nakiri kwamba nilianza kufurahia. Nilifikiri: kumbe dawa ni hii, aibu kidogo kidogo, kama dawa ya minyoo. Nikaanza hata kupanga kichwani makala ya kuandika. Kasoro yangu ni kwamba nikiona kitu kinafanya kazi, siku ya pili lazima nikifungue nione ndani. Kwa hiyo Jumatano asubuhi, shemeji akiwa jikoni anakuna nazi, nilimsogelea babu barazani.

"Babu, wewe hukuwahi kumpiga bibi?"

Alifungua kopo. Akalifunga. "Mara moja."

"Ikawaje?"

"Babu yake akaja na mkeka wake. Akakaa siku tisa. Alikula kuku wangu wote, akaniita mke mdogo, hata si mume mdogo, mbele ya baba yangu." Akatazama barabarani. "Siku tisa ni nyingi."

Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikampigia bibi simu.

"Amesema mara moja?" Bibi alicheka, lakini si kicheko cha kufurahi. "Mara mbili, mume wangu. Ya kwanza babu yangu alikuja. Ya pili babu yangu alikuwa ameshakufa."

Nikasogea mbali na dirisha la jikoni.

"Amekuambia na habari za kuku?" bibi akauliza.

"Amesema aliliwa kuku wake wote."

"Kuku walikuwa wangu," bibi akasema, akakata simu.

Nilisimama pale karibu na kamba ya nguo nikisikia nazi ikikunwa ndani, na babu akikohoa barazani. Babu hukohoa sana siku hizi. Furaha yangu ya siku mbili ikaniishia. Huu ulinzi wote tuliomletea dada ulikuwa na kifua kibovu na umri wa miaka isiyojulikana. Babu akifa, nani atakuja na mkeka? Mimi? Mimi si babu yake. Kwa mila yetu mimi na shemeji tunataniana kwa bia na mpira. Na nilishaonyesha yeye akitania mimi hufanya nini.

Nilimkuta dada chumbani akipanga vitambaa kwa mkono mmoja. Nikamweleza maneno ya bibi kama mtu aliyegundua nyota mpya.

"Najua," akasema. "Bibi aliniambia kabla sijaolewa."

"Unajua? Na bado ukamwacha babu afanye haya yote?"

"Nani alimwacha? Nyinyi mliniuliza?" Akakunja kitambaa, akakibana kwa kidevu. "Lakini tangu mje, nyumba hii imejaa watu mchana kutwa, na huyu bwana ana kazi ya kukuna nazi. Siku tatu sijaogopa mlango ukifunguliwa. Jana nyinyi mkikagua meno ya watu, mimi nilikuwa hospitali. Kidole kimoja kimepasuka mfupa. Wameandika." Akanitazama. "Saa nne babu ataanza ugomvi wa pilau. Nimemwomba. Wewe utanisindikiza kituo cha polisi."

Ugomvi wa pilau ulianza saa nne kasoro. Tukapita mlango wa nyuma huku babu akipiga kelele kwamba pilau ya mume mdogo haina binzari.

Kwenye dawati la jinsia tulimkuta afisa wa kike wa makamo, miwani puani, daftari kubwa mbele yake. Dada alieleza bila kupamba: mara ya kwanza, mara ya pili, mara hii. Sikujua kwamba kulikuwa na mara ya kwanza. Afisa akampa fomu ya P3, ya daktari kujaza jeraha, arudi nayo hospitali, kisha akauliza kama kuna shahidi. Dada akaninyooshea mkono wake mzima.

"Ulimsikia mwenyewe?" afisa akaniuliza.

"Ndiyo."

"Alisema nini? Maneno yake, si yako."

Nikamwambia.

"Akafanya ishara gani?"

Nikazungusha mkono hewani.

"Na wewe ukafanya nini?"

Nilitazama ukutani. Kulikuwa na kalenda ya mwaka uliopita.

"Nilicheka."

Kalamu yake ikaendelea kutembea.

"Na hilo unaliandika?"

"Mwanangu, mimi huandika kila kitu."

Nikatia sahihi chini. Nimeandika mara mbili kuhusu uanaume maishani mwangu. Ya pili ilikuwa mistari minane, na hakuna aliyenipa alama.

Afisa alisema shemeji ataitwa kituoni. Dada akaomba siku moja ya kuhamisha vitu vyake, kwanza aondoke ndipo aitwe. Alikuwa ameshapata chumba mjini, juu ya duka la vitambaa, kwa mama mmoja ambaye yeye humshonea nguo. Hilo nalo alilifanya Jumanne. Jumanne ilikuwa ndefu kuliko nilivyodhani.

Alhamisi asubuhi babu akakunja mkeka.

"Leo natoka na mke wangu," akatangaza barazani.

Sijamwona mtu akifurahi kama shemeji. Aliona vituko vimekwisha, na kama kawaida ya utani, aliyeshindwa akishindwa kwa uzuri anarudishiwa heshima yake. Basi akajitoa mzima. "Mchukue, babu!" akapaza sauti majirani wasikie. "Nimesalimu amri! Chukua na cherehani yake!" Mkokoteni ulikuwa ukingoja nje. Shemeji mwenyewe akainua kichwa cha cherehani, akakipakia. Akarudi kuchukua meza yake. Akapakia mifuko ya vitambaa, mama wa mbaazi akipiga vigelegele, yule fundi wa pikipiki akishika upande wa pili. Sanduku la nguo, akapakia. Godoro dogo, akapakia, akicheza dansi kidogo nalo kichwani.

Alipofika kwenye bahasha ya vyeti vya dada, akasimama. Mtu haondoki na vyeti kwa mzaha.

Dada akamtolea ufunguo wa nyumba, akamwekea kwenye kiganja.

"Si mzaha huu?" shemeji akauliza. Bado alikuwa anatabasamu, tabasamu limesahauliwa usoni.

"Wa babu ni mzaha. Wangu si mzaha. Kesho utapigiwa simu kutoka kituoni. Ipokee."

Shemeji akanigeukia mimi. "Shemeji, zungumza na dada yako. Sisi wanaume tunaelewana."

"Nimeshaandikisha," nikasema.

Hapo alikasirika. Mbele ya mtaa mzima, mbele ya mtani wake, alikasirika kweli, akamwita dada jina ambalo siliandiki, akapiga hatua. Mimi nami nikapiga hatua. Ningependa kusema nilisimama kama simba. Nilisimama kama mtu aliyeshika mkeka, maana ndio niliokuwa nao mkononi. Lakini nilikuwa katikati yao, na sikutoka. Babu akaja pembeni yangu bila neno lolote la mzaha. Sikujua anaweza kukosa neno. Halafu yule fundi wa pikipiki akamshika shemeji mkono juu ya kiwiko.

"Basi, bwana," akamwambia. "Basi. Mwache mtu aende."

Shemeji akautazama ule mkono kwa mshangao, kama aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe. Akarudi ndani. Mlango ukajibamiza.

Tukapanda tuktuk, mkokoteni ukitangulia. Babu alishapata maneno yake, alikuwa akikaa vizuri na kulegeza kola kama bwana harusi.

"Twende zetu Vitengeni, muche wangu. Bibi yako ameshachinja."

Dada akamwinamia dereva akamwambia afuate mkokoteni, mjini, duka la vitambaa.

"Stendi ya Vitengeni ni upande ule," babu akasema.

"Najua, babu. Utateremshwa hapo kwanza. Mimi naenda kwangu."

"Kwako wapi? Si nimekuchukua?"

"Umenitoa, ahsante. Kunichukua, hapana." Akamshika pindo la shuka. "Babu, na wewe nimekuacha."

Nilimwona babu akitafuta hasira yake, akaipata, halafu akakumbuka kwamba hana ruhusa ya kuitumia. Dereva alikuwa akitutazama kwenye kioo, akingoja.

"Talaka ngapi?" babu akauliza mwishowe.

"Tatu."

"Hata moja ya kurejea?"

"Tatu, mzee wangu. Uje unitembelee, lakini upige hodi."

Babu akacheka. Ilimchukua muda, lakini alicheka, mpaka kikohozi kikamshika na ikabidi dada ampige mgongoni kwa mkono wa kushoto. Stendi alishuka na mkeka wake, akanionyesha kwa kidole.

"Na huyu je?"

"Huyu anabaki," dada akasema. "Kuna cherehani ya kupandisha ngazi."

Ngazi zilikuwa nyembamba na zilipinda mara tatu. Tuliweka cherehani dirishani penye mwanga, dada akakaa, akazungusha gurudumu kwa mkono wa kushoto kulijaribu. Kile kidole mpaka leo hakikunjiki vizuri. Anakata kitambaa polepole na wateja wanangoja. Kesi itatajwa tena mwezi ujao. Marafiki watatu kati ya wale watano wamenipigia simu kuniuliza mimi ni mwanamume gani. Yule fundi wa pikipiki alinipigia naye. Naye alimsikia shemeji siku ile, na alitaka kujua dawati liko chumba namba ngapi.